Kwanza Unigombeze

Same mjini,
Jumamosi mchana.

Kwako shemeji Maua,

Shikamoo shemeji. Mimi ni Wilbard, mdogo wake marehemu mume wako. Najua utashangaa kuona mwandiko wangu, maana tangu uondoke Suji mwaka juzi na mtoto mgongoni hakuna mtu hata mmoja wa kwetu aliyekutumia salamu. Basi mimi nakutumia. U hali gani? Elinaza hajambo? Sasa hivi atakuwa anakimbia na kuvunja vyombo. Na wazee wako hapo Msangeni wanaendeleaje na baridi lenu hilo? Chande anayeleta ndizi huku sokoni ameniambia mvua kwenu haijakatika na njia inateleza. Yeye ndiye nimempa barua hii. Ameniapia ataiweka mkononi mwako na si mkononi mwa mtu mwingine.

Mimi mwili hauna shida, roho ndiyo mbaya. Nina hasira shemeji, mpaka kalamu inatoboa karatasi. Ukiona herufi zimepanda na kushuka ndiyo sababu, na tena shule unajua niliishia la tano. Leo ni Sabato, Mama akijua nimeshika kalamu Sabato nitakoma. Lakini Jumatatu inakuja, na kabla ya Jumatatu nataka uwe umeyajua haya kutoka kwangu, usije ukayasikia sokoni. Ningepiga simu, namba yako ya zamani haipatikani. Na hata ingepatikana unanijua mimi, mdomo wangu mzito, ningekusalimia tu halafu ningekata.

Mwaka huu mwanzoni nilipata kazi hapa Same. Nilivyoipata nitakwambia huko mbele. Kuna mradi unaitwa Kiota, wanashughulika na watoto wanaolelewa kwenye shida, hasa kule nyikani baada ya ule ukame uliomaliza ng'ombe. Wenye mradi wako Ulaya, wafanyakazi ni wa hapa. Walitaka mtu wa kutafsiri Kimaasai. Kimaasai changu unajua nilikotoa: nilipoacha shule baba alinipeleka Ruvu kule nyikani kwa rafiki yake Ledama nikachunge mbuzi, nikakaa kule miaka sita. Nilikuwa nalala kwa mama yake Ledama, yule bibi tunayemwita Koko. Maziwa ya yule mama ndiyo yaliyonirefusha, maana nilifika kule kama kijiti.

Mkubwa wetu ni mama wa Kizungu anaitwa Hana, ametoka nchi inaitwa Cheki. Watu walimpenda kwa jina tu, wakasema kumbe hata Ulaya wapo akina Hana. Si mtu mbaya. Na hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu angekuwa mbaya ningejua hasira yangu niiweke wapi. Anakaa chini kwenye vumbi, anakunywa anachopewa, anasalimia mpaka watoto. Kila asubuhi kabla hatujapanda gari anatuambia akikosea jambo la mila tumwambie. Sote tunajibu ndiyo. Anafurahi, anaandika kwenye daftari kwamba tumesema ndiyo. Hajui kwamba mtu wa huku ukimwambia akukosoe mbele ya bosi wake atakujibu ndiyo, halafu atanyamaza mpaka ustaafu.

Hana anaongea Kiingereza. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha bei gani na asante. Kwa hiyo anamwambia Muhidin kwa Kiingereza, Muhidin ananiambia mimi kwa Kiswahili, mimi nawaambia wenyewe kwa Kimaasai, halafu jibu linarudi njia hiyo hiyo. Muhidin ndiye mratibu. Ni mtoto wa mjini hapa, ukoo wao una maduka barabarani tangu babu wa babu yake. Ana maneno mengi na shati limenyooka muda wote. Mimi alikuwa ananitania kwamba Wapare tunajulikana kwa ubahili, ila wa kwangu umezidi, nabana mpaka maneno. Watu wanacheka, na mimi nacheka. Siku ya kwanza kabisa aliniambia kazi yangu ni kutafsiri kilichosemwa, nisipunguze wala nisiongeze, na kwamba mkalimani mzuri ni kama bomba, maji yanapita lenyewe halinywi. Nikasema ndiyo.

Sasa mwezi wa pili tukaenda Ruvu. Sikujua tunakwenda boma gani mpaka gari lilipokata kona pale kwenye migunga miwili. Ni kwa Koko. Ledama mwenyewe hakuwepo, amehama na ng'ombe waliobaki kutafuta majani mbali. Alikuwepo Koko na mjukuu wake, Nalotuesha, binti wa miaka minne hivi. Mama yake huyo mtoto ni dada yake Ledama. Alikufa kwa homa mtoto akiwa hajaanza kutembea. Mimi nilimjua yule dada. Ndiye aliyenifundisha kukamua, akanicheka wiki nzima.

Koko aliponiona alifurahi, wenzangu wakadhani anafurahia wageni tu. Aliniita layoni, yaani mvulana, ndivyo anavyoniita siku zote ingawa nina ndevu sasa, akanitemea mate kidogo kichwani. Ndio baraka yao, mzee akikutemea amekuombea mema. Kisha akamleta Nalotuesha awaamkie wageni, naye akamtemea kichwani vile vile ili wageni waone mtoto huyu anapendwa. Nikamwona Hana amekunja uso. Akauliza kitu. Nikafungua mdomo nieleze, lakini Muhidin alishajibu, na mimi aliniambia pembeni kwamba amemwambia ni tabia za huku, taratibu tutawapa elimu. Elimu! Mtu amezaliwa kilomita chache tu kutoka pale, ana nyama choma ya Wamaasai mezani kila Jumapili, anashindwa kusema ile ni baraka! Labda hakujua. Sijui lipi lina nafuu, kwamba alijua au kwamba hakujua.

Koko akatoa maziwa. Hana akanywa, akamaliza. Nikafurahi, maana kwa Koko mtu akishakunywa maziwa yake amekuwa mgeni wa nyumba, hakuna tena kumpandishia sauti mpaka aondoke. Hata ukinikosea namna gani, umekunywa, basi. Kumbe furaha yangu ile ndiyo ilikuja kutuchoma.

Muhidin akatoa tableti, ndimo fomu zao zilimo. Umri wa mtoto, chanjo, anakula mara ngapi, hayo yote tulijibu vizuri. Likafika swali la jina la mama mzazi. Nikamuuliza Koko. Akanyamaza, akaangalia chini.

Shemeji, wale watu aliyekufa jina lake halitamkwi na ndugu zake. Wakilitamka ni kama wanamsumbua, na wanajiita balaa wenyewe. Mtu baki ndiye analitamka. Akija mtu wa serikali akauliza, jirani ndiye anajibu, wao wanaangalia chini mpaka jina lipite. Kila mtu aliyekaa nyikani mwezi mmoja analijua hilo. Muhidin akaniambia nirudie swali. Nikarudia. Kimya. Akaniambia nirudie tena. Mara hii Koko aliinua macho, akaniangalia mimi. Hakuniangalia kwa kuogopa. Aliniangalia kama mtu anavyokusogezea kigoda. Mimi si damu yao, nilimjua marehemu, na nilikuwa nimekaa katikati pale pale. Jina lilikuwa kwenye ulimi wangu.

Sikulisema. Muhidin alinikazia macho na mimi nikamtolea jibu la bomba: nikamwambia bibi hajajibu.

Ile tableti haiendi mbele ukiacha nafasi wazi. Muhidin alijaribu mara mbili ikagoma, jua linawaka, Hana anafuta jasho. Basi akachagua palipoandikwa haijulikani, na ikakubali. Palepale juu kwenye kioo pakawa pekundu. Nikauliza pekundu ni nini, akasema ni mtoto aliye hatarini: anaishi na mtu asiyemjua hata mama yake ni nani, halafu huyo mtu anamtemea mate. Kwenye gari njia nzima Muhidin alikuwa anasema ajabu ya bibi yule, bibi wa kweli angejibu haraka haraka, angelia hata. Hana alikuwa ameshika kichwa. Nadhani ilimuuma. Lakini kumuuma tu kunasaidia nini?

Kesho yake nikaletewa karatasi ya Kiingereza nisaini kwamba kila kilichosemwa nimekitafsiri. Nikasaini. Na kweli, kila kilichosemwa nilikuwa nimekitafsiri. Kisichosemwa hakikuwa na nafasi yake kwenye karatasi.

Hiyo karatasi ikaenda ilikokwenda, na baada ya wiki tatu tukarudi na Landkruza. Nikaambiwa mtoto anachukuliwa akakae kituoni huku mjini mpaka wapatikane ndugu zake wa kweli. Ndugu zake wa kweli, shemeji! Muhidin akaniambia nimwambie Koko mtoto anakwenda kupimwa afya. Nikamwambia. Koko akauliza watarudi lini. Nikapewa jibu kwamba ni baada ya taratibu kukamilika, nikamwambia hivyo hivyo, na kwa Kimaasai maneno hayo hayana hata maana, nilitamka tu hewa. Koko hakupiga kelele. Hana alikuwa ameshakunywa maziwa yake, angempigiaje kelele? Alimfunga mtoto shuka jipya, akamtemea kichwani mara nne, akasimama. Nikasikia Muhidin anamwambia Hana kitu, na kwenye taarifa iliandikwa kwamba mlezi aliridhia.

Nalotuesha alikaa mapajani kwangu njia nzima kwa sababu mimi tu ndiye niliyejua lugha yake. Alinishika kidole hiki cha shahada. Aliniuliza kama Koko anakuja na gari la nyuma. Nikamwambia ndiyo. Unaona? Hata mimi naisema vizuri hiyo ndiyo. Kituoni walimpokea kwa upole, sisemi uongo, wakampa gauni na uji. Wakamvua shanga zote za shingoni, wakazitia kwenye bahasha na kuandika juu yake. Mtoto hakulia wakati wa kuvuliwa gauni la zamani wala wakati wa kuoga. Alilia ile bahasha ilipofungwa.

Sasa Jumanne ya wiki hii Koko akatokea getini kwetu. Ametoka Ruvu, kipande kwa miguu, kipande kwenye lori la mchanga. Amebeba kibuyu cha maziwa. Hakumwomba mtu kitu, alikaa chini ya ukuta akisubiri. Rashidi mlinzi akaambiwa amwondoe. Rashidi akaenda, akarudi, akasema bibi haondoki, na yeye hana mkono wa kumshika mama wa umri ule, kama wanataka waje wenyewe wamshike. Hakuna aliyekwenda. Jioni Mwanahalima, mke wa Rashidi, anayeuza chapati pale pembeni, alimchukua Koko akalale kwake. Mwanahalima hajui neno moja la Kimaasai na Koko hajui Kiswahili. Asubuhi walikuja wamefuatana, mmoja amebeba ndoo ya unga, mwingine jiko, wanacheka kitu wanachokijua wao. Nikawaangalia nikasema moyoni, hawa wamefanya bila mkalimani, bila tableti, bila kuandika kwamba wameelewana.

Na mimi? Mimi nilikuwa napita mlango wa nyuma. Jumatano mlango wa nyuma, Alhamisi mlango wa nyuma. Alhamisi mchana Muhidin akanituma nikamwambie dereva asogeze mbele gari la nyuma ya ofisi, sikuwa na ujanja, nikatokea getini. Tulikuwa wengi pale, Hana yupo, Muhidin yupo, madereva wapo. Koko aliniona. Safari hii hakuita layoni, maana layoni wako wengi mjini. Aliita kwa sauti jina langu nililopewa na wazazi wangu, Wilbard. Aliita mara mbili. Muhidin akageuka, akauliza Wilbard ni nani hapa. Nikasema simjui.

Hapo ndipo lazima nikueleze lile nililoahidi mwanzoni, shemeji. Kaa chini kama umesimama, na mtoto mpe mtu ashike.

Pale Kiota hakuna anayenijua kwa jina la Wilbard. Pale naitwa Rodrick. Walitaka mtu wa kidato cha nne, mimi la tano sijamaliza. Cheti cha kaka kilichokuwa kwenye fremu ukutani, kile Mama alichokuwa anakifuta vumbi kila Ijumaa kabla Sabato haijaingia, nilikichukua mimi. Nilikitoa kwenye fremu siku ya tatu ya matanga, nyumba imejaa watu na hakuna anayeangalia ukuta. Nilikuwa nimesikia wenye kazi mjini hawamtazami mtu usoni, wanatazama cheti. Nikasema moyoni kaka hakihitaji tena. Nikakikunja mara nne, nikakitia kwenye soksi.

Na unajua kilichofuata kuliko mimi, kwa sababu kilikufuata wewe. Mama alipoona fremu tupu alisema umekichukua ukawape kaka zako wa Msangeni wapatie kazi, kwamba ulikuja kwetu kuvuna. Alisema mbele ya watu wote waliotoka kanisani, makande yako mkononi, sahani hamjamaliza kugawa. Ulinyamaza, ukaangalia chini. Nadhani ulikuwa umefiwa na mume wiki hiyo hiyo na ulikosa tu nguvu ya kubishana na mtu kuhusu karatasi. Mama akasema asiye na hatia angesema. Shangazi akaongeza mjane wa kweli angekuwa analia, si kukaa kimya. Mimi nilikuwa nimeegemea mlango wa jikoni, hatua tatu kutoka ulipokuwa umesimama, cheti kiko mguuni kwangu kinanikuna. Wewe uliinua macho mara moja. Sijui kama uliniangalia mimi au uliangalia mlango. Asubuhi yake ukaondoka.

Kwa hiyo Muhidin aliposema kwenye gari kwamba bibi wa kweli angelia, mimi nilikwishayasikia maneno hayo, na mdomo mwingine uliyasema sebuleni kwetu. Na sababu iliyonifunga mdomo pale kwa Koko si aibu peke yake, kama nilivyokuwa najidanganya. Niliogopa nikianza kusema ninamjua yule bibi, nilikaa kwake, nilimjua marehemu, wataniuliza nilikaa lini na huku cheti kinaonyesha miaka hiyo nilikuwa sekondari. Nikachagua kuwa Rodrick. Yule mama hawezi kulitamka jina la mwanawe aliyekufa kwa sababu anamheshimu. Mimi la kaka yangu nilikuwa nimelivaa kama koti, naitikia nalo, nasaini nalo karatasi za kuchukulia mtoto wa watu. Nilikuwa nakasirikia tableti, nakasirikia Hana, nakasirikia shati la Muhidin. Bado nawakasirikia, na wanastahili. Lakini ukifika mwisho wa foleni ya hasira zangu ananisubiri mtu ana sura yangu.

Jana asubuhi niliingia ofisini kwa Hana. Kiingereza sina, kwa hiyo ilibidi niseme mbele ya Muhidin ili yeye amtafsirie. Fikiria hiyo. Nilisema yote, jina langu, cheti, mate ya baraka, maziwa, jina la marehemu kwa nini halikutajwa na nani alitakiwa alitaje. Muhidin akawa ananyoosha shati badala ya kutafsiri. Nikamwambia wewe ulisema bomba halinywi maji, basi pitisha. Akapitisha. Sijui kama alipitisha yote, lakini nilikuwa naangalia uso wa Hana, na uso ulikuwa unabadilika mahali panapostahili.

Hana akauliza swali moja tu, kwa nini sikumwambia wakati kila asubuhi anauliza. Shemeji, mimi sijawahi kumpandishia mtu mzima sauti. Jana nilipandisha. Nilimwambia unatuuliza tumesimama mstari, bosi wetu ameshika funguo za gari, injini inawaka, halafu unaandika ndiyo zetu. Nilimwambia ungekaa na Mwanahalima kwenye chapati siku moja bila daftari ungejua kuliko miezi sita. Nilimwambia kwenu mtu akinyamaza labda hana la kusema, kwetu mtu akinyamaza ndipo uanze kumsikiliza. Muhidin alikuwa anatafsiri huku anaangalia chini, na sauti yake ilikuwa ndogo. Nikamwambia na yeye, wewe wa hapa hapa, yeye ana kisingizio cha kutoka mbali, wewe umetoka wapi? Hilo sidhani kama alilitafsiri.

Hana hakukasirika, au alikasirika kwa namna yao. Alisema Jumatatu kuna kikao cha watu wa ustawi, kituo na mradi. Nikienda nikatoa maelezo yangu kwa jina langu, na Ledama akiwepo, taarifa itafunguliwa upya na mtoto anaweza kurudi kwa bibi yake. Nisipokwenda, karatasi iliyosainiwa na Rodrick inabaki vile vile. Muhidin akanikumbusha kwamba kutumia cheti cha mtu ni kosa la kufikishwa polisi, na mle ndani kutakuwa na watu wa serikali. Nadhani alinionya kwa wema, sina hakika. Nilimwambia nitakwenda. Ledama ameshapelekewa habari, yuko njiani. Cheti nitakiweka mezani mbele yao. Kwenye ile fremu hakitarudi.

Na lile jina la mama yake Nalotuesha sijakuandikia humu, utakuwa umeona. Nitalitamka mara moja tu, Jumatatu, pale linapotakiwa.

Nilipotoka ofisini nilipita mlango wa mbele. Nikaenda nikakaa chini ukutani kwa Koko. Hakuniuliza kwa nini nilimkana. Alifungua kibuyu, akamimina maziwa kwenye kifuniko, akanipa. Nikakipokea, nikakiweka chini. Akashangaa, akanisogezea. Nikamwambia Koko sinywi, nikinywa utanisamehe kwa lazima. Kwanza nigombeze.

Akaweka kibuyu pembeni. Kisha akanigombeza, shemeji, mpaka wapita njia wakasimama na Mwanahalima akaacha chapati inaungua. Aliniambia siku ile aliponiangalia hakuwa anaomba msaada. Alisema kulitamka jina la mtoto wake si kazi ya kila mtu, ile ilikuwa heshima, alinipa mimi, na mimi nikaitupa chini mbele ya wageni kama ganda la ndizi. Alisema ng'ombe anajua nyumba iliyomnywesha maji na mimi sikujua. Alisema mengi ambayo siyaandiki Sabato. Alipochoka alinyamaza, na mimi nikanywa. Maziwa yalikuwa yameshachacha kwa jua. Nikayamaliza.

Mama nimemwandikia pia. Barua yake ni fupi, nimesema Maua hakuchukua, ni mimi, na nimemwambia asome mbele ya Shangazi na wale wale waliokuwepo siku ile. Kama atakuja Msangeni kukuomba radhi sijui, hilo ni lake. Usiseme nimemsemea.

Mimi kama Jumatatu hawatanifunga nitakuja kwenu. Nikifika mlangoni usinipe kiti, usinipe chai, wala mtoto usimwambie baba mdogo amekuja. Najua ulivyo na moyo, utataka kunipikia. Usinipikie. Uniache nimesimama hapo hapo uwanjani, wazazi wako wasikie na majirani wasikie, na kwanza unigombeze. Useme yale ambayo hukuyasema siku ile makande yakiwa mkononi. Nitasimama mpaka umalize.

Nisalimie wazee wote hapo nyumbani. Chande ukimwona na matope mpe maji ya kunawa, ametoka mbali kwa ajili yangu. Elinaza mshike kichwa kwa niaba yangu, na ukiweza mtemee kidogo, ni baraka.

Ni mimi shemeji yako,

Wilbard.
Hili ndilo jina langu.